Mstari Mtupu Kwenye Rejista

Hawa alizikwa Koboko siku ya Ijumaa, nami nilifika Jumapili kwa sababu habari zilinifikia zimechelewa. Nilikaa kwenye mkeka katika chumba cha wanawake, miguu nimeikunja, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nikawasikiliza wakimsifu. Walisema alikuwa askari ambaye hakuwahi kumpiga mtu kofi. Walisema alijua Kinubi, Kikakwa, Kilugbara, Kiswahili na Kiingereza, na katika kila lugha alicheka kwa namna yake. Kisha shangazi yake akaanza ile habari niliyojua itakuja, jinsi Hawa alivyomkamata muuaji wa Jokudu, yule fundi wa nguo, miaka tisa baada ya mauaji, kwa damu iliyokaukia kwenye kitambaa. "Yeye peke yake," shangazi alisema. "Mutu ingine hakuna." Wanawake wakaitikia kwa masikitiko. Na mimi, mwanamke wa umri huu, mwenye mjukuu anayeanza shule, nikasikia ndani yangu kitu ambacho nilidhani kilikwisha zamani. Nilimwonea wivu marehemu. Kaburi lake lilikuwa na siku mbili tu, na mimi bado nilitaka alichokuwa nacho.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa konstebo, mtunza stoo ya vielelezo katika kituo kimoja mjini Arua, na Hawa alikuwa mpelelezi mdogo kituo hichohicho. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Mvara, tukakigawa kwa pazia. Upande wake kulikuwa na kitanda, mkeka wa kuswalia na kioo kirefu. Upande wangu kitanda, Biblia na jiko la mkaa tuliloliingiza ndani mvua ikinyesha. Tulipika kwa zamu. Mimi nilisonga enya, ugali wetu wa muhogo, kwa samaki mkavu wa mchuzi wa simsim, yaani ufuta. Yeye alipika kisra, zile chapati nyembamba za Wanubi, akizitandaza juu ya bamba la chuma kwa mkono mwepesi hivi kwamba mke wa mwenye nyumba alikuja kusimama mlangoni kutazama. Enya yangu hakuna aliyekuja kuitazama. Naandika jambo dogo kama hilo kwa sababu wivu wangu ulianzia kwenye madogo. Mkuu wetu wa upelelezi, Afande Opio, alimwita Hawa kwa jina. Mimi aliniita "yule wa stoo". Wazee waliokuja kituoni wakinuna waliondoka wakimpa Hawa baraka. Mimi niliandika vizuri kuliko yeye, nilifika kazini mapema kuliko yeye, na kila jioni nilirudi chumbani nikiwa nimehesabu mambo hayo kimoyomoyo kama mtu anayejiandaa kwa kesi.

Stoo ilikuwa chumba kisicho na dirisha, chenye harufu ya kutu na majani ya tumbaku. Kulikuwa na mapanga yenye vibandiko, baiskeli zisizo na matairi, mikuki, viatu vya kiume vya mguu mmoja. Mwezi wa pili amri ilikuja kwamba vielelezo vya zamani, vya kesi zilizolala, vichambuliwe na vichomwe. Nilichambua wiki nzima. Katika rafu ya chini kabisa nikakuta bahasha kubwa ya karatasi ya kaki, imefungwa kwa kamba, na juu yake jina: Jokudu, fundi wa nguo, Koboko. Ndani mlikuwa na mkasi mkubwa wa fundi na sketi ya sare ya shule ambayo haikumalizwa pindo, yenye madoa meusi. Jina hilo nililijua. Mama yake, bibi mmoja mfupi kutoka Dranya, alikuwa akifika kituoni kila baada ya mavuno, anakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka mtu amwambie kwamba hakuna jipya. "Haya," husema, "mimi narudi tena." Jokudu aliuawa mchana, katika chumba chake cha kushonea karibu na soko, watu wakiwa wanapita nje. Polisi walimkamata mume wake, Lemi, kwa kuwa walikuwa wametengana na watu waliwasikia wakigombana. Alikaa mahabusu miaka miwili, akaachiwa kwa kukosa ushahidi, lakini Koboko haikumwachia. Huko aliitwa muuaji mpaka akarudi kijijini kulima muhogo.

Jioni ile ilikuwa zamu yangu ya kupika. Tulikuwa tunakula Hawa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mimi, ili niwe na la kusema, nikamwambia habari za bahasha. Nilimwambia kwamba faili la daktari aliyepima maiti lilisema Jokudu alipigwa kichwani na hakuwa na jeraha la kukatwa mahali popote. "Lakini mkasi una damu," nikasema, "na sketi ina damu nyingi."

Hawa aliacha kutafuna. "Hakukatwa mahali popote?"

"Hivyo ndivyo alivyoandika."

"Na kichwa? Kilitoka damu?"

"Kilivimba tu. Hakikupasuka."

Alirudisha tonge sahanini. Kisha akasema, "Samaki huyu umempatia chumvi leo," na tukaendelea kula. Asubuhi nilipopita kwenye veranda ya ofisi ya Afande Opio nilisikia sauti ya Hawa kupitia dirishani. "Afande, nimepata wazo. Ile damu si ya Jokudu. Alimkata aliyemuua. Siku hizi maabara ya Kampala wanaweza kusoma DNA, kujua damu ni ya nani." Nimepata wazo. Nilisimama pale nimekumbatia rejista yangu. Leo, nikiwa mtu mzima, naweza kusema ukweli: mimi niliona mkasi na sketi, nikaona maandishi ya daktari, na sikufikiri lolote. Nilikuwa nasimulia tu. Wazo lilikuwa lake. Lakini kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba aliniibia, na niliamini kabisa, kwa sababu bila mimi bahasha ile ingekuwa majivu.

Kuanzia siku hiyo kesi ikawa ya Hawa. Alikwenda Koboko na kurudi, Koboko na kurudi, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Alitafuta wanaume wote waliotajwa kwenye faili la zamani kuwa walikuwa karibu na chumba cha Jokudu mchana ule, akawaomba mmoja mmoja wakubali kupitishiwa kijiti cha pamba ndani ya shavu, kuchukua mate. Aliniigizia majibu yao tukiosha vyombo. Lemi, yule mume, hakuuliza hata swali. Aliweka jembe chini, akafungua kinywa, kisha akasema, "Kama mate haitoshi, kata hata kidole." Na Wani, seremala ambaye karakana yake ilipakana na chumba cha Jokudu, alicheka sana. "Damu ya miaka tisa? Hiyo imekufa, mwanangu. Chukua mate, chukua." Wani ndiye aliyechonga jeneza la Jokudu bila malipo, na ndiye aliyelibeba mbele, upande wa kulia. Watu wa Koboko walimheshimu kwa hilo.

Nilikuwa namsikiliza Hawa huku nikisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

Kisha ikaja Jumatatu ninayotaka kuisema bila kuipamba. Daktari wa hospitali aliyepaswa kukata vipande vya sketi ile na kuvifunga kwa ajili ya Kampala alikuwa anasafiri adhuhuri. Hawa aliingia stoo mbio, nikampa bahasha, naye akaondoka nayo kabla hata sijafungua ukurasa. Mlangoni aligeuka. "Candiru, niandikie kwamba imetoka, ndugu yangu, nakimbia!" Kazi yangu ilikuwa hiyo. Kila kitu kikitoka stoo kinaandikwa saa iliyotoka, na nani kakitoa, na saa iliyorudi. Kitu kikikosa kuandikwa, wakili yeyote anaweza kusema kilichezewa. Nilijua hayo kuliko mtu yeyote kituoni. Nilichukua kalamu. Nilimsikia Hawa nje akimwambia mtu wa bodaboda jambo, na yule mtu akicheka, na Afande Opio kutoka dirishani akimwita, "Hawa, Mungu akutangulie!" Nikaiweka kalamu chini. Saa kumi alasiri alirudisha bahasha ikiwa na muhuri wa hospitali, nikaiweka mahali pake, na hapo pia sikuandika. Kesho yake ililetwa baiskeli ya wizi. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri, lakini niliruka mstari mmoja. Sijui kwa nini niliuruka. Nadhani nilitaka kujiachia mlango wa kurudia, na pia nilitaka kuuona mstari ule mtupu kila nikifungua ukurasa.

Majibu yalichukua miezi. Yalipofika, kituo kizima kilijaa ofisini kwa Afande Opio. Damu ya kwenye mkasi na sketi ilikuwa ya mwanamume mmoja, na mwanamume huyo hakuwa Lemi. Alikuwa Wani seremala. Walipokwenda kumkamata walimkuta akipiga randa. Aliomba avae shati la mikono mirefu, na Hawa akamwambia aonyeshe kwanza mikono yake. Kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kulikuwa na kovu lenye upana wa ulimi wa mkasi. Kwa miaka tisa alikuwa akiwaambia watu kwamba ni msumeno.

Siku mama yake Jokudu alipoletwa kuambiwa, mimi ndiye niliyempa maji ya kunywa. Alikaa kwenye benchi lake lilelile. Hawa alipiga magoti mbele yake akamweleza kwa Kikakwa, polepole. Sikuelewa yote, lakini niliona uso wa bibi ukibadilika mara mbili. Mara ya kwanza kwa jina la Wani. Mara ya pili kwa jina la Lemi, na hiyo ya pili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Kisha akambusu Hawa mikono, na mimi nikachukua kikombe kikiwa bado na maji nusu, nikatoka.

Wiki moja kabla ya kesi, mwendesha mashtaka alikuja kukagua karatasi. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani mizito. Alituambia kilichotokea kadiri walivyoweza kukijenga: Wani alimtaka Jokudu tangu alipotengana na mume wake, Jokudu akamkataa, na mchana ule Wani alikuwa amemwona akicheka na Lemi mlangoni, kama watu wanaoelekea kupatana. "Sababu ni wivu tu," alisema akigeuza kurasa za rejista yangu. "Hakuna kingine." Kisha kidole chake kikasimama. "Hapa pana mstari mtupu. Na siku kitambaa kilipokwenda hospitali haionekani popote."

Afande Opio alisukuma kalamu mezani kuelekea kwangu baada ya yule bwana kutoka kupokea simu. "Jaza," alisema. "Sasa hivi."

"Asijaze," Hawa alisema. "Wino mpya utaonekana, afande, na yule bwana ameshauona ukiwa mtupu. Aseme alisahau. Mtu anasahau." Akanigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo liliniumiza. "Ulisahau, si ndiyo?"

"Nilisahau," nikasema.

Mahakama ilijaa. Nilichagua kutoa ushahidi kwa Kiswahili, na mkalimani, kijana mwembamba mwenye tai, alikuwa akimgeuzia jaji kwa Kiingereza. Mama yake Jokudu alikaa mbele. Lemi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, peke yake kwenye benchi ambalo lingetosha watu wanne. Wakili wa utetezi aliifungua rejista yangu kwa uangalifu, akanifanya nisome maandishi yangu mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Panga, saa. Baiskeli, saa. Kiatu kimoja, saa. Akanisifu. Akauliza kama mwaka mzima niliwahi kusahau kuandika kitu kingine chochote. Nikasema hapana.

"Ila siku hii moja."

"Ndiyo."

"Ulisahau kikitoka?"

"Ndiyo."

"Na kiliporudi ukasahau tena? Siku moja, mara mbili, na kwa kitambaa hiki tu, ambacho ndicho pekee kinachomfunga mteja wangu?" Alikuwa anaongea kwa upole. "Halafu kesho yake ukakumbuka kuruka mstari. Dada, mtu aliyesahau haruki mstari. Nani alikuambia uache nafasi? Huyu mpelelezi alikipeleka wapi kitambaa ambako hamkutaka kuandikwe?"

Nikaona kesi ikianguka. Niliiona kwa macho: mama yake Jokudu akirudi kwenye benchi lake kila baada ya mavuno, Wani akirudi kwenye randa yake, na Hawa, Hawa wa watu wote, akitoka pale akiitwa mpandikizaji wa ushahidi. Sitaficha kwamba kwa dakika nzima picha hiyo ya mwisho ilikuwa tamu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Jaji aliinua macho akaniambia nijibu.

"Sikusahau," nikasema. "Aliniambia niandike. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nikaiweka chini kwa makusudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimwonea wivu."

Mkalimani aliinama kidogo. "Wivu?" alininong'oneza, kana kwamba huenda nilikosea neno.

"Wivu," nikarudia. "Tunakaa chumba kimoja. Watu wote wanampenda. Nilitaka apate shida." Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wengine wawili. Nikaendelea kwa kuwa sasa hakukuwa na pa kusimama. Nikasema saa aliyotoka na saa aliyorudi, nani alimbeba kwa bodaboda, muhuri ulikuwaje, na kwamba daktari wa hospitali lazima awe na daftari lake. Daftari lilitafutwa siku iliyofuata, na saa zake zililingana na zangu. Wani alipatikana na hatia. Katika hukumu yake jaji alisema kwamba aliyaamini maelezo yangu ya ile siku iliyokosekana kwenye rejista kwa sababu, pamoja na daftari la hospitali, hakuona shahidi ambaye angejitungia aibu ya namna ile.

Hawa aliningoja kwenye veranda ya mahakama siku niliyotoa ushahidi. "Kumbe kalamu ulikuwa nayo mkononi," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuita ndugu yangu."

"Najua."

Alihama Mvara kabla ya Jumamosi. Picha yake ilitoka gazetini, akapandishwa cheo, akapelekwa kusomea Kampala. Mimi nilipewa adhabu, nikangojea uhamisho kwenda kituo cha mpakani, ambako sikukaa hata miaka miwili kabla ya kuacha kazi. Tulikutana mara chache baadaye, harusini au sokoni. Alinisalimia vizuri, akauliza watoto, akaenda zake. Hakunisema vibaya kwa mtu yeyote, nijuavyo. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenisema.

Lakini mwaka ule ulikuwa na siku moja zaidi, na hiyo ndiyo sikuwasimulia wanawake wa matanga. Wiki mbili baada ya hukumu, nikiwa nafunga mizigo, mama yake Jokudu alikuja Mvara. Alikuja na Hawa, ambaye alikuwa amemwonyesha nyumba na hakutaka kuvuka kizingiti. Bibi alisimama katikati ya chumba, akatazama kitanda kimoja kilichobaki.

"Binti yangu," alisema, "wewe nasimama mbele ya watu yote, nasema aibu yako kwa mudomo yako. Mimi naona. Mimi pia iko na yangu. Nataka kwenda kwa Lemi. Mimi peke yangu siwezi. Twende na wewe."

"Mama, tutakupeleka sote," Hawa alisema kutoka nje.

"Hapana, mwanangu. Wewe iko mutu muzuri. Hii kazi si ya mutu muzuri."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilisikia furaha kali ya kitoto, kwamba hatimaye kulikuwa na mahali ambapo Hawa aliombwa abaki. Tulisafiri kesho yake asubuhi hadi Koboko, kisha bodaboda hadi kijiji cha Lemi, jirani na Dranya, bibi katikati, mimi nyuma. Lemi tulimkuta uani akimenya muhogo. Alisimama, kisu mkononi, akakaa tena. Alituonyesha viti kwa kidevu lakini bibi hakukaa. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie na kuwa shahidi.

"Mimi nalikufukuza kwa mawe siku ya maziko. Mimi ndio narusha ya kwanza. Nasema wewe usiguse mutoto yangu. Halafu naita Wani, nasema, baba, beba wewe, wewe ndio rafiki." Sauti ilimkatika. "Mimi ndio namuita."

Alinitazama kana kwamba anauliza kama ametimiza. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Lemi aliendelea kumenya, ganda moja refu, hadi mwisho. Nilifikiria miaka miwili ya mahabusu na ile miaka mingine yote, na nikajiambia kwamba ana haki ya kutujibu kwa kutufukuza.

"Kaburi iko upande gani?" aliuliza. "Hata mimi sijui. Kutoka hapa ni nusu saa, na mimi sijaiona."

"Nyuma ya nyumba yangu," bibi alisema. "Karibu na ghala."

Lemi aliingia ndani. Tulisikia sanduku likifunguliwa. Alitoka amevaa shati jeupe lenye mikunjo migumu ya nguo iliyokaa muda mrefu bila kuvaliwa, akachukua jembe lililoegemea ukutani, akampa bibi mkono.

"Twende, mama," alisema. "Jua bado iko."